Houston, Dallas, San Antonio au El Paso? Usalama wa miji ya Texas kwa anayehamia

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata visa ya bahati nasibu. Yuko Mwanza na mke na watoto wawili, tiketi hajakata, na ujumbe wa sauti alionitumia una swali moja: "Kaka, Texas mji gani hauna uhalifu?" Wenyeji wanaomwita ni watatu. Rafiki yake wa chuo yuko Houston, shemeji yake yuko San Antonio, na mimi niko Euless, katikati ya Dallas na Fort Worth. Mkewe naye kaona mtandaoni orodha iliyoiweka El Paso juu ya yote, basi anataka El Paso, ambako hawamjui hata mtu mmoja.

Ningeweza kumtajia mji mmoja akalala. Lakini nimekaa huku miaka ya kutosha kujua kwamba jina la mji linasema kidogo sana kuhusu mlango utakaokuwa unaufunga usiku. Haya ndiyo niliyomjibu, nimeyaongezea nyama kwa wengine wenye safari kama yake.

Takwimu zinavyosema

FBI hukusanya ripoti za polisi wa Marekani nzima tangu 1930. Ili mji mkubwa ulinganishwe na mdogo, idadi ya matukio hugawanywa kwa wakazi, ikajulikana ni matukio mangapi kwa kila watu 100,000. Mimi hupenda kuanzia mwaka 2019. Mwaka 2020 mauaji yalipanda nchi nzima kwa karibu asilimia 30, na Januari 1, 2021 FBI ikahamia mfumo mpya wa kuhesabu, idara nyingi kubwa, New York na Los Angeles zikiwemo, hazikupeleka takwimu za mwaka huo. Mwaka 2019 ndio wa mwisho uliotulia.

Uhalifu wa kutumia nguvu maana yake ni mauaji, ubakaji, unyang'anyi na shambulio la kudhuru mwili. Mwaka huo Houston ilikuwa na zaidi ya matukio 1,000 kwa kila wakazi 100,000. Dallas ilipita 800. San Antonio ilikuwa kwenye 700 hivi, Fort Worth na Austin zikawa kwenye mia nne na ushee, El Paso takriban 350. Wastani wa nchi nzima ulikuwa chini ya 400. Plano na Frisco, vitongoji vya kaskazini mwa Dallas ambavyo vyenyewe ni miji mikubwa, havifiki 200.

Ukigeukia wizi, mpangilio unavurugika. San Antonio, ambayo kwenye uhalifu wa nguvu iko nyuma sana ya Houston, inakaa naye bega kwa bega: miji yote miwili ilipita 4,000. Austin yenye sifa ya utulivu haiko mbali na Dallas. El Paso haifiki nusu ya Houston.

Hilo la wizi ndilo litakalomgusa mgeni. Katika watu wangu wa karibu huku, hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi, lakini sijui nyumba ambayo gari lao halijawahi kuvunjwa kioo. Kwenye jengo nililopanga zamani, ambalo sitalitaja, niliwasha gari saa kumi na moja alfajiri niende kazini likanguruma kama trekta. Nikainama na tochi ya simu: bomba la ekzosi limekatwa pande mbili, kata safi ya msumeno, masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) yamechukuliwa. Jirani, mzee wa Kieritrea, akatoka na kikombe chake cha kahawa, akaangalia chini, akasema tu, "Na wewe?" Lake lilikuwa wiki iliyotangulia.

Houston: ipi?

Rafiki wa mdogo wangu anasema yuko Houston. Nilimwomba anwani kamili. Bahasha inaandikwa Houston, lakini nyumba iko nje ya mpaka wa jiji, kwenye eneo la Kaunti ya Harris lisilo na manispaa. Huko hakuna polisi wa jiji. Kuna sherifu wa kaunti na makonstebo. Watu karibu milioni 2 wanaishi hivyo katika kaunti hiyo, na tukio likitokea mlangoni kwao haliingii kwenye takwimu za jiji la Houston. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma kwamba "Houston ni hatari" na asijue kwamba anakokwenda hakumo kabisa kwenye hesabu hiyo, kwa wema au kwa ubaya.

Kinyume chake pia kipo. Bellaire na West University Place zimezungukwa na Houston pande zote, lakini kila moja ni mji wenye meya wake na polisi wake. Unavuka barabara tu, upande mmoja polisi anafika haraka kwa sababu eneo lenyewe ni dogo, upande wa pili umeingia kwenye jiji la watu milioni 2.3.

Jambo jingine ni kwamba Houston haina mipango miji ya kutenganisha matumizi ya ardhi kama miji mingine mikubwa ya Marekani. Baa, gereji, kanisa, apatimenti na nyumba ya milioni ya dola vinaweza kupangana mtaa mmoja. Ndiyo maana Houston hubadilika kwa kila mitaa miwili mitatu. Kusini-magharibi, kuanzia Sharpstown hadi Alief, ndiko Waafrika wengi walikoanzia: maduka ya unga na samaki wakavu yapo, kodi nafuu. Humohumo kuna vipande vya barabara ya Bissonnet ambavyo usiku hutapenda watoto wavione.

Houston pia ndiko utakapousikia sana wizi ambao wenyeji wanauita "jugging". Mtu anakaa ndani ya gari nje ya benki, anakuona umetoka na bahasha, anakufuata hadi kituo cha mafuta au nyumbani, anavunja kioo au anakupora mkononi. Mwaka 2025 Bunge la Texas liliutungia sheria, ukawa kosa la peke yake. Sisi tunaopenda kushika fedha taslimu, wa vikoba na upatu, wa kubeba michango ya msiba kwenye mkoba, tumo kwenye shabaha yao hasa. Nilimwambia mdogo wangu: michango ipite kwenye simu.

Na kuna takwimu moja ambayo kwangu ni nzito kuliko kile kiwango cha 1,000. Mwaka 2024 ilifichuka kwamba polisi wa Houston walikuwa wamezisimamisha kesi zaidi ya 264,000 tangu 2016 kwa alama ya "hakuna watumishi", nyingine zikiwa za makosa ya kingono. Mkuu wa polisi, Troy Finner, aliondoka Mei mwaka huo. Hesabu ya matukio inakwambia yaliyoripotiwa. Kama kuna aliyeyafuatilia, hilo utalitafuta kwingine.

Dallas, na vitongoji vyenye sifa njema

Dallas imegawanyika waziwazi zaidi. Wenyeji watakwambia kaskazini ya barabara ya I-30 na kusini yake kana kwamba ni nchi mbili. Kama kanuni ya haraka inasaidia, lakini inadanganya. Vickery Meadow iko kaskazini, jirani kabisa na NorthPark, duka la kifahari ambako saa moja ya mkononi inauzwa bei ya nyumba ya Mwanza. Humo ndimo wakimbizi wengi wanaofika Dallas hupangishiwa, Wakongo wa Kiswahili wakiwemo, na apatimenti zake zimekuwa na matatizo ya uhalifu kwa miaka mingi.

Mkuu wa polisi Eddie García alipoingia 2021, yeye na wataalamu wa jinai wa Chuo Kikuu cha Texas cha San Antonio waliigawa ramani ya Dallas visanduku zaidi ya 100,000, kila kimoja takriban mita 100 kwa 100. Wakakuta sehemu kubwa ya uhalifu wa nguvu inatoka kwenye visanduku vichache: kituo fulani cha mafuta, jengo fulani la kupanga, egesho fulani la magari. Askari wakapelekwa hapohapo kwa saa maalumu. Mbinu hiyo ilifuatwa na miji mingine, San Antonio ukiwemo, na García mwenyewe sasa yuko Fort Worth. Kwa anayetafuta nyumba, somo ni dogo na lina faida: majengo mawili yanayotazamana yanaweza kuwa na historia tofauti kabisa.

Watu wenye uwezo wakikuona unasitasita watakwambia, "Nenda Plano." Kwa watoto na shule, sina ubishi. Lakini vitongoji hivi navyo vina mambo yake. Billy Chemirmir, mzaliwa wa Kenya, alikamatwa 2018 na kutiwa hatiani mara mbili mwaka 2022 kwa kuua wanawake wazee. Kwa jumla alishtakiwa kwa vifo 22, vingi katika makazi ya wazee ya Dallas na Plano. Aliuawa gerezani 2023. Ninachotaka ukione ni hiki: vifo vingi vilipotokea viliandikwa kuwa vya uzee. Havikuingia kwenye takwimu za mauaji za miaka ile, na mitaa ile iliendelea kusomeka salama. Wenzetu wengi huku wanafanya kazi ya kutunza wazee, na baada ya kesi ile kuna waliosimuliana jinsi familia za wagonjwa zilivyoanza kuwaangalia mikono.

Allen iko jirani na Plano, ina watu laki moja na ushee, mauaji kule ni nadra. Mei 6, 2023 mtu mmoja aliua watu 8 kwenye maduka. Piga hesabu: zaidi ya 7 kwa kila 100,000, juu ya wastani wa nchi wa 5.7 wa mwaka huo. Kwa karatasi, mji mtulivu umekuwa hatari. Mwaka unaofuata unarudi ulipokuwa.

Fort Worth na miji ya katikati

Hapa nina upendeleo, naukiri. Fort Worth imepita wakazi milioni 1 na bado ina kiwango cha uhalifu wa nguvu karibu nusu ya Dallas ya 2019, umbali wa kilomita 50 tu. Wakazi wake hulipa nusu senti kwa kila dola ya manunuzi kwa mfuko wa kuzuia uhalifu. Walianza miaka ya 1990, na Julai 2020 wakapiga kura kuurefusha miaka 10. Mashariki ya jiji, Stop Six na jirani zake, ni pa kuchunguza kabla ya kusaini mkataba. Wakongo wamejaa, na Jumapili kuna makanisa utakayosikia Kiswahili cha Uvira na Bukavu tangu saa tatu mpaka saa nane.

Euless, Bedford na Hurst ziko karibu na uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth (DFW). Watonga walikuja kufanya kazi uwanjani wakaijaza Euless, na sisi tumefuata njia hiyohiyo. Mji mdogo, polisi wake wenyewe, kodi ya kati. Anayefanya zamu ya usiku uwanjani anarudi nyumbani kwa dakika 10, na kwangu hilo ni usalama kuliko takwimu yoyote.

Arlington, iliyo jirani, ni nafuu zaidi, ila haina mabasi ya kawaida ya ruti. Kuna usafiri mdogo wa kuita kwa simu. Kama miezi ya kwanza hutakuwa na gari, utatembea kando ya barabara zisizo na njia ya miguu, na hiyo ni hatari ambayo FBI hawaihesabu.

San Antonio

Mwaka 2022 San Antonio iliripoti takriban mauaji 230, na vichwa vya habari vikasema hali imechafuka. Ndani ya hesabu hiyo walikuwamo wahamiaji 53 waliokufa kwa joto ndani ya tela la lori lililotelekezwa Juni mwaka huo. Ni uhalifu, na wa kinyama. Lakini haukusema lolote kuhusu mtu anayerudi nyumbani kutoka dukani. Ukiwatoa, yanabaki chini ya 180 kwenye mji wa watu milioni 1.4.

Shida ya kila siku ya San Antonio ni wizi, hasa wa magari na vilivyomo ndani ya magari, na shida yake ya pili itamchekesha mtu wa Mwanza mpaka akutane nayo: mbwa. Mbwa wanaozurura ni wengi, hasa magharibi na kusini, na Februari 2023 mzee mmoja aliuawa nao. Watoto wanaopenda kukimbia nje waambiwe mapema.

Austin, kwa kifupi

Mauaji kidogo kuliko Houston na Dallas, ingawa 2021 ilivunja rekodi yake kwa 89. Mwaka 2020 baraza lilipunguza bajeti ya polisi kwa takriban theluthi, mwaka uliofuata bajeti ikarudishwa, ila askari walioondoka hawakurudi kwa kasi hiyo. Kodi ya nyumba ndiyo itakayokupora kabla ya kibaka. Kama hujaajiriwa kwenye kampuni za kompyuta, paruke hapa.

El Paso, na ndoto ya mke wa mdogo wangu

Mke wa mdogo wangu hajakosea. El Paso inapakana na Ciudad Juárez ya Mexico, unaiona ng'ambo ya mto. Mwaka 2010 Juárez ilikuwa na mauaji zaidi ya 3,000. El Paso, mwaka huohuo, 5. Miji ya mpakani ya Texas kwa ujumla haifanani na inavyosimuliwa kwenye hotuba za kampeni. McAllen nayo ni tulivu. Agosti 3, 2019 mtu aliendesha gari kutoka eneo la Dallas zaidi ya saa tisa akaenda kuua watu 23 kwenye supamaketi ya El Paso, akiwalenga Wamexico. Mauaji hayo ya siku moja yalikuwa zaidi ya nusu ya mauaji yote ya mji huo mwaka mzima, na muuaji hakuwa wa huko.

Basi kwa nini nisimwambie aende? Kwa sababu toka El Paso hadi Houston ni zaidi ya kilomita 1,000. Kazi nyingi zinataka Kihispania. Waswahili ni wa kuhesabu. Siku mtoto amepandwa na homa usiku na baba yuko zamu, nani atamshika mwingine? Mgeni asiye na mtu ndiye mwenye kupangishwa kwenye jengo bovu bila kujua.

Ambayo hakuuliza

Tangu Novemba 7, 2000, haijapita siku hata moja bila mtu kufa barabarani Texas. Kwa mwaka ni zaidi ya watu 4,000, zaidi ya mara mbili ya wanaouawa. Katika kila mji nilioutaja, kinachoweza kumuua mdogo wangu kwanza ni gari, hasa akianza kuendesha kabla hajazoea kuingia barabara kuu kwa kasi ya kilomita 110. Na wenye magari wengine wana bastola: tangu Septemba 1, 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiyezuiliwa na sheria anabeba bila kibali. Ukikatiwa njia, usipige honi, usinyooshe mkono, mpishe. Usiingie kwenye uwanja wa mtu usiku kuuliza njia. Sheria ya Texas, katika mazingira fulani, inamruhusu mwenye mali kutumia nguvu ya kuua dhidi ya mwizi wa usiku, na gizani wewe hutajieleza.

Halafu kuripoti. Mitaa ya wahamiaji huonekana salama kuliko ilivyo kwa sababu watu wanaogopa kupiga 911, simu ya dharura. Sheria ya Texas ya 2017 inawapa polisi ruhusa ya kuuliza hali ya uhamiaji ya mtu aliyezuiliwa, lakini kwa aliyeibiwa au shahidi hawatakiwi kuuliza ila kama upelelezi unalazimu. Wengi hawalijui hilo, na wezi wanajua kwamba hatulijui.

Kabla ya kusaini

Usimuulize karani wa apatimenti kama pako salama. Sheria za kuzuia ubaguzi wa makazi zinamfanya akwepe swali; atakwambia ukaangalie mwenyewe. Basi angalia. Nenda Ijumaa saa tano usiku, kaa ndani ya gari dakika 20. Tazama chini kwenye egesho: punje za kioo cha kijani zilizolala kando ya mistari ni ripoti ya polisi isiyohitaji intaneti. Tazama taa ngapi zimeungua, na kama geti la umeme limefungwa au limeegeshwa kwa jiwe. Kisha, kwa kutumia sheria ya Texas ya taarifa za umma, waandikie polisi wa mji husika uombe orodha ya simu walizopigiwa kutoka anwani hiyo kwa mwaka mzima. Nilifanya hivyo kwa majengo mawili ya Euless yenye kodi moja. Moja lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, wa makelele ya muziki na mbwa. Jingine lilikuja kurasa kumi na moja.

Mdogo wangu amesikiliza yote, kauliza maswali mazuri, halafu jana kaniambia wanaenda San Antonio. Shemeji yake ameahidi kuwaangalizia watoto mwaka mzima bila malipo, na hapo mimi sina takwimu ya kumjibu. Shemeji anakaa karibu na Medical Center, eneo la hospitali, lenye wakimbizi wengi na magari mengi yaliyovunjwa. Nimemwambia achague ghorofa ya pili, dirisha linalotazama egesho. Na lile gari la Kia la 2015 ambalo shemeji anataka kumuuzia kwa bei ya kindugu, aliache: matoleo mengi ya miaka hiyo hayana kifaa cha kuzuia injini kuwashwa bila ufunguo wake, na vijana wamejifunza kuyawasha kwa waya wa chaji ya simu.